Pesa Zinazofukiwa

Ukitoka mjini Kilifi ukashika barabara ya Bofa kuelekea ufuoni, utapita viwanja ambavyo nyumba zake ziliishia usawa wa goti. Mawe yamepangwa vizuri, vyumba vinahesabika, pahali pa mlango wa mbele panajulikana, lakini ndani mmeota magugu na mawe yamepiga weusi kwa mvua za miaka. Wapita njia husema mwenyewe aliishiwa. Huenda. Ila nimewahi kukaa na wenye misingi ya namna hiyo, watu wazima wenye akili na kazi zao, na masimulizi yao hufanana: hesabu ilianzia juu. Walijua bei ya bati na ya madirisha ya alumini, walikuwa na picha ya jikoni kwenye simu, na ardhi wakaitengea kile kilichobaki baada ya kila kitu kingine kupata fungu lake.

Sisi tulikuwa tunamjengea mama. Kiwanja ni chake, upande wa juu wa barabara, mbali kidogo na hoteli za ufuoni, na nyumba aliyoishi humo ni ya udongo na makuti ambayo kila masika ilidai kukandikwa upya. Kaka yuko Mombasa, mdogo wetu wa mwisho yuko Doha anakofanya kazi ya usafi hotelini, na mimi niliye karibu nikapewa kazi ya kuandika makadirio ya msingi. Kabla sijaandika chochote, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, usiniletee bei ya kunifurahisha. Niletee ya kweli, nijue nikae huku mkataba mwingine au nirudi nyumbani."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yenyewe. Tarakimu niliyokuwa naenda kuiandika ilikuwa ni miezi ya maisha ya mtu, miezi ya kuamka alfajiri na kutandika vitanda vya wageni. Tangu hapo nimeyaona makadirio ya ujenzi kuwa jambo la uaminifu kabla ya kuwa jambo la hesabu.

Mtu wa kwanza niliyemuuliza alinipa bei kwa futi mraba. Ndiyo desturi siku hizi: unataja ukubwa wa nyumba, unatajiwa shilingi, unazidisha. Bei ya aina hiyo ina msaada wake kwa kuta na paa, maana ukuta wa Bofa na ukuta wa Mtwapa hula mawe yale yale. Kwa kilicho chini ya ardhi haina msaada. Ramani moja ikijengwa kwenye viwanja viwili vilivyoachana hatua mia mbili, kimoja juu ya jiwe na kingine juu ya mchanga, paa zitagharimu sawa na misingi itatofautiana sana. Anayekupa bei moja kwa viwanja vyote viwili amekisia, na ukisiaji huo utalipwa na wewe.

Bofa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, masalia ya miamba iliyokua baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa jiwe. Jiwe hilo ndilo lililoijenga pwani yetu. Ndilo lililokatwa kwa misikiti na makaburi ya Mnarani, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Kilifi, na kwa kuta za Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, ngome waliikalisha moja kwa moja juu ya mwamba wa matumbawe. Kwa hiyo mtu wa huku hukua akiamini kwamba chini kuna jiwe, na kwenye jiwe msingi ni kazi nyepesi.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Jiwe letu halikulala sawa. Limepanda hapa, limezama pale, na maji ya mvua yamelila kwa maelfu ya miaka hata likawa na matundu. Juu yake pengine kuna udongo mwekundu, pengine mchanga mtupu. Kaunti yetu ni nchi ya mapango. Kule Dzitsoni kuna Panga ya Saidi, ambako mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto wa karibu miaka 3 aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Walimpa jina la Mtoto. Mwamba wa kule ni wa kale zaidi kuliko wetu wa Bofa, ila tabia ya jiwe na maji ni moja. Huwa nawawaza waliomchimbia mtoto yule: walilaza kichwa chake kwa uangalifu, wakiijua thamani ya walichokuwa wanakiweka ardhini.

Mjomba, mdogo wake mama, ni mwashi tangu enzi za kuvuka Kilifi kwa feri, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Nilipomwita tuandike hesabu pamoja hakuuliza habari ya ramani.

"Mmechimba wapi?"

"Bado, mjomba."

"Basi hakuna cha kuandika, mwanangu. Nitafutie kijana mwenye nguvu, na mtaimbo."

Tulichimba kila pembe ya nyumba itakapokaa, na shimo jingine pahali pa choo. Mjomba hakumruhusu kijana kutupa udongo ovyo. Kila tabaka lililotoka aliliwekea fungu lake kando ya shimo, kwa mpangilio, ili ukisimama juu uone kilicho chini kwa zamu yake. Pembe mbili za juu, upande wa magharibi, mtaimbo uligonga jiwe usawa wa goti. Pembe mbili za chini, upande wa baharini, kijana alizama hadi kifuani katika mchanga mweupe wenye vipande vya makombe, na kingo za shimo zikawa zinamomonyoka kila alipoinua beleshi. Jiwe halikuonekana.

Kisha mjomba mwenyewe, na umri wake ule, akashuka kwenye shimo moja la juu, akapiga magoti, akaanza kuligonga jiwe polepole kwa ncha ya mtaimbo huku ameinamisha kichwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na sasa namwona mtu akilitenda. Jiwe zima, alinieleza, hulia kwa ukali na kuurudisha mtaimbo mkononi. Jiwe lenye uwazi chini yake huitikia kwa sauti nzito na mtaimbo haurudi. Alisogea kidogo kidogo hadi sauti ikabadilika. Akagonga kwa nguvu, pakafunguka tundu la kuingia ngumi. Akaagiza debe la maji, akalimimina lote. Halikutuama hata kidogo. Maji yalikwenda zake kama hayakuwahi kuwapo.

"Haya," akasema, akijifuta magoti. "Sasa andika."

Shida kubwa haikuwa tundu. Tundu huzibwa kwa mawe na zege. Shida ni kwamba nyumba ingesimama nusu kwenye jiwe na nusu kwenye mchanga. Mchanga ukibebeshwa mzigo hushuka kidogo na jiwe halishuki, na kuta zikivutwa hivyo huanza kupasuka kimshazari kutoka pembe za madirisha. Ufa wa namna hiyo utaupaka chokaa, utaupiga plasta, na kila mwaka utarudi, kwa sababu chanzo chake kiko chini usikofika.

Hapo ndipo tulipomleta mhandisi, na hapo ndipo mabishano ya familia yalipoanza, maana ada yake haikuonekana kununua chochote. Kaka aliuliza kwa nini tumlipe mtu wa kutuambia alichokwisha kusema mjomba. Ninamheshimu kaka, na katika jambo hili nilimpinga na ningempinga tena. Mjomba alituambia kilichopo. Mhandisi alitakiwa atuambie upana wa zege, unene wake, nondo za kiasi gani, na aweke sahihi yake chini. Tarehe 29 Aprili 2016, kule Huruma, Nairobi, jengo lililokuwa kando ya mto lilianguka usiku wa mvua kubwa na watu 52 wakafa. Nyumba ya mama si ghorofa, najua. Lakini atalala humo yeye na wajukuu.

Mhandisi alitupa njia mbili. Ya kwanza, kushuka na msingi wa upande wa chini hadi kwenye jiwe, popote litakapopatikana. Ya pili, kuisogeza nyumba juu, magharibi, ili yote ikae kwenye jiwe, na mchanga tuuachie ua. Kusogeza nyumba kwenye karatasi ni bure, na ndivyo tulivyofanya. Mama alisikitika kuupoteza upepo wa baharini kwa hatua chache, kisha akasema upepo utamfuata.

Nitaeleza hesabu kwa urefu kidogo, kwa sababu mtu anayejenga kwa pesa zake anastahili kuijua mwenyewe bila kumtegemea yeyote. Nyumba tuliyoanza nayo ni mita 12 kwa 10, na kuta zote, za nje na za ndani, zikinyooshwa ni mita 80. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90 unatoa udongo wa mita za ujazo 43. Zege la chini ya ukuta, la unene wa sentimita 20, ni karibu mita za ujazo 10. Kwa mchanganyo wa moja kwa tatu kwa sita, yaani saruji, mchanga na kokoto, hilo linakula mifuko ya saruji 42 hivi, na ukiagizwa moja kwa mbili kwa nne linakula karibu 60. Sakafu ya zege ya sentimita 10 ni mita za ujazo 12, na kwa mchanganyo huo wa pili ni mifuko 76. Haya yote yanapigwa kwa kalamu na karatasi, na hayana siri.

Kinachowaangusha watu ni mteremko. Kiwanja cha mama kinashuka kuelekea baharini, na jicho haliuoni mteremko huo kwa sababu hatua za miguu zimeuzoea. Mjomba alifunga kamba kutoka pembe hadi pembe, akaiweka sawa kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi hubeba mfukoni. Pale tulipokuwa tumekusudia mwanzo, ardhi ilishuka mita 1 nzima kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele. Maana yake chini ya sakafu kungehitajika mawe ya kujazia ya wastani wa nusu mita, na nusu mita kwa mita mraba 120 ni mita za ujazo 60 baada ya kushindiliwa, karibu 75 kabla. Kwa lori la mita 5 hizo ni safari 15, na bado hujaweka sakafu. Pale tulipoisogezea nyumba, mteremko ni sentimita 40 tu, na lori zinakuwa 6. Lori 9 tulizoziepuka zilizidi ada ya mhandisi. Kaka aliliona hilo mwenyewe kwenye karatasi, na sikuhitaji kusema neno.

Maji nayo husahaulika. Mifuko 118 ya saruji, 42 ya msingi na 76 ya sakafu, inakunywa zaidi ya lita 3,000 wakati wa kuchanganya, yaani zaidi ya madumu 150, kabla hujaanza kumwagilia zege asubuhi na jioni kwa siku saba ili likomae vizuri. Maji ya bomba huku hutoka mbali, kule Baricho kwenye Mto Sabaki, na kuna siku hayatoki. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huila nondo ndani ya zege polepole, kimyakimya, hadi zege lenyewe lipasuke. Mchanga wa ufuoni una ila hiyo hiyo, ingawa uko karibu na hauna mwenyewe wa kukuzuia. Nikaandika mstari wa maji matamu na mstari wa mchanga wa mto, nikaweka bei na tarehe niliyoipata, maana bei isiyo na tarehe haifai kupelekewa mtu aliye mbali.

Kisha kuna bei ya kuchimba, na hapa nataka nisimame kidogo. Mafundi wetu huchimba kwa futi. Ukikubaliana bei moja kwa mtaro mzima, vibarua watakwenda mbio kwenye udongo, na wakifika kwenye jiwe kazi itasimama. Watu huwalaumu, husema wamegeuka. Hebu mtu ajiweke pale: jua la saa sita, mtaimbo mikononi, na jiwe la matumbawe linalotoka kwa vipande vya ukubwa wa yai. Futi ya jiwe inaweza kumla mtu asubuhi nzima. Kumlipa bei ya mchanga ni kumdhulumu, na makubaliano ya bei moja yamepangwa kwa namna ambayo lazima mmoja adhulumiwe, ama kibarua akivumilia ama mwenye nyumba akibanwa katikati ya kazi. Tuliandika bei mbili, ya udongo na ya jiwe, na kwamba kila jioni futi zitapimwa na pande zote zikiwepo. Bei ya jiwe ilipoandikwa, kijana aliyetuchimbia vishimo aliisoma mara mbili kisha akaomba kama anaweza kumleta na mdogo wake.

Choo kilituongezea gharama ambayo hatukuifikiria, na sijutii hata shilingi yake. Debe lile la maji lililotoweka kwenye tundu la jiwe lilikuwa limetuonyesha njia ambayo maji machafu yangeifuata. Jirani wa upande wa juu ana kisima, na familia nzima inakunywa humo. Tungechimba choo cha shimo kwenye jiwe lenye nyufa, uchafu wetu ungeweza kufika kwake bila kuchujwa, na sisi tusingejua wala yeye asingejua, isipokuwa watoto wangekuwa wanaugua. Tukaandika tangi la septiki lililopigwa plasta ndani, mbali na kisima, na maji yake yakapelekwa kwa bomba hadi upande wa chini, kwenye mchanga ule ule tulioukimbia, ambao kwa kazi ya kuchuja unafaa kuliko jiwe. Bomba refu, mtaro mrefu, pesa zaidi. Hakuna mgeni atakayekuja kulisifu bomba hilo.

Mstari wa mwisho niliuandika kwa hofu: akiba ya yasiyojulikana, asilimia 20 ya kazi yote ya chini. Mjomba ndiye aliyetaja kiasi. Kwa kuta, alisema, asilimia 10 inatosha, kwa sababu ukuta unauona. Chini tumechimba vishimo vitano tu, na katikati yake kuna jiwe ambalo hakuna aliyeligonga.

Nilimjua mdogo wangu, na swali lake lilikuja kama nilivyolitarajia. "Na hii asilimia 20 ni ya nani?"

Ni swali la haki. Walio Ghuba wameumizwa sana na makadirio ya ndugu. Kila mmoja ana habari ya mtu aliyetuma pesa za nyumba akarudi akakuta kiwanja kitupu, na hadithi hizo husimuliwa vyumbani usiku wakiwa wamechoka. Jibu rahisi lingekuwa kuufuta mstari ule na kuigawa pesa yake kimya kimya, kidogo kwenye saruji, kidogo kwenye kokoto, kidogo kwenye ujira. Wengi hufanya hivyo na hawaoni kwamba ni uongo, maana pesa hatimaye hutumika kwa nyumba. Mimi nauona ni uongo, na naona ndio unaozivunja familia. Yule aliye mbali akija kugundua kwamba bei ya saruji iliongezwa, hatakuwa na njia ya kujua ni nini kingine kiliongezwa. Nilimwandikia kwamba asilimia 20 ni ya tusiyoyajua, kwamba itakaa kwenye akaunti yenye sahihi yangu na ya kaka, na kwamba kila itakapoguswa atatumiwa picha ya shimo kabla ya risiti.

Tangu nimeandika mstari ule nimejikuta nikiutafuta kwenye mambo mengine. Tunapopanga arusi, tunapompeleka mzazi hospitali, tunapomkopesha rafiki, kila mtu anaijua sehemu ambayo hakuna aliyeigonga, na hakuna anayeitaja kwa sababu kuitaja kunaonekana kama kukosa imani. Mimi sasa naiona ndiyo heshima tunayodaiwa na wenzetu: kuwaambia wazi ni kiasi gani hatukijui, na kukitengea pesa zake, au muda wake, kabla hakijajidai chenyewe.

Jumla ilizidi ile tuliyokuwa tumeitaja vikaoni. Mdogo wangu alinyamaza siku kadhaa, kisha akaandika: chumba chake kitolewe. Ramani ilikuwa na vyumba vinne vya kulala, kimoja kikiwa chake, na yeye akija atalala na mama kama zamani. Kwa njia hiyo angemaliza mkataba alionao na asiongeze mwingine. Nilikataa. Mama naye alikataa, kwa ukali kuliko mimi. Mjomba ndiye aliyetupatanisha: chumba kitolewe sasa, na nafasi yake iachwe upande wa magharibi, penye jiwe, ambako mtaro hauzidi goti, ajengewe siku pesa zitakapopatikana. Kuta zikashuka kutoka mita 80 hadi 71. Nilichukua karatasi mpya nikaanza kuzidisha upya, mstari kwa mstari, na asilimia 20 nikaiacha pale pale.